Kutoka Kahendero kwa Tanga la Turubai

Tuliondoka Kasese kwa sababu baba mdogo wa mke wangu alifariki na kuacha nafasi ya boti moja.

Inabidi nieleze, kwa kuwa ninyi wasomaji wa Dodoma mnajua habari za zabibu kuliko za samaki. Kwenye mialo ya Ziwa Edward, yaani fuko ambako wavuvi hushushia samaki, boti haziongezwi kwa kupenda. Kila mwalo una idadi yake, na kila boti ina namba iliyopakwa rangi ubavuni. Mwenye boti akifa, mrithi aliyemtaja hupewa muda wa kuleta boti nzima, isiyovuja, mbele ya kamati ya mwalo. Muda ukipita, nafasi inakwenda kwa mwingine. Marehemu alimtaja Biira, mke wangu, ambaye kwa miaka mingi alimnunulia nyavu kutokana na biashara yake ya samaki sokoni Kasese. Bila nafasi ile, Biira angerudi kusubiri samaki wa boti za wenzake, akichaguliwa wale wadogo. Binamu yake Masereka, aliyetegemea kutajwa yeye, hakuondoka msibani kwa hasira. Alibaki, akala, kisha akasema kwa upole, "Sawa. Alete boti."

Upole ule ulikuwa na sababu. Mwalo wenyewe uko chini ya Bwera, na jina lake nitalihifadhi kwa kuwa shemeji zangu wanaishi huko na bado nakula kwao. Una mila mbili ambazo watu wake hawazivunji. Ya kwanza: boti mpya lazima ifike kwa maji, na mwenyewe afike nayo. Boti iliyoletwa na lori, wanasema, ni mbao. Ya pili: mwanamke haingii kwenye boti ya mwalo, kwa sababu samaki watahama. Ukiziweka mila hizo mbili pamoja utaona ni kwa nini Masereka alikula vizuri msibani.

Boti ilikuwa imeundwa Kahendero, kwenye Ziwa George, na fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu. Kutoka hapo maji yana njia yake: Ziwa George, halafu mfereji wa Kazinga, halafu Ziwa Edward. Injini hatukuwa nayo. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kwa watu wa Kasese, Mtanzania yeyote ni mtu wa bahari. Tangu nilipohamia huku nimewaambia kwamba nimezaliwa Mpwapwa, ambako maji tuliyajua kwa ndoo. Wanaitikia kwa kichwa, kisha wananiuliza kama siyakumbuki mawimbi. Kwa hiyo niliposema, jioni moja, kwamba boti inaweza kwenda kwa tanga, hakuna aliyenishuku isipokuwa mke wangu.

"Unajua kuendesha tanga?" aliniuliza.

"Najua kanuni zake."

"Sikuuliza kanuni, Mwalimu."

Biira huniita Baba Masika tukiwa na amani, na Mwalimu nyakati nyingine. Ukweli ni kwamba nilifundisha Mwanza miaka miwili na nilipanda boti za tanga mara kadhaa, nikiwa nimekaa juu ya magunia. Fundi cherehani wa Kasese alitushonea tanga kutoka turubai la bluu, lile watu wa milimani wanaloanikia kahawa. Tulipata mlingoti wa mkaratusi. Kamati ingekaa Jumamosi mchana, na sisi tungeanza safari Jumanne. Nilipiga hesabu nikaona muda unatosha na kubaki. Ndivyo hesabu zangu huonekana kabla ya safari.

Jumanne asubuhi, Kahendero. Fundi Bwambale alikuwa anapiga nyundo ya mwisho, na alipomwona Biira amebeba mfuko wa chakula alisimama.

"Mama, wewe unapanda?"

"Hii boti iko na namba?" Biira akamuuliza.

"Namba bado. Namba inapakwa kule mwaloni."

"Basi hii bado ni mbao zako. Mimi nakaa juu ya mbao."

Fundi alifikiri, akacheka, akamshika mkono kumsaidia kupanda. Mimi nilipanda bila kusaidiwa, na mguu mmoja ukabaki majini kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza.

Ziwa George halina kina kirefu, na maji yake yana rangi ya mchuzi wa kisamvu. Upepo wa asubuhi ulitoka nchi kavu ukajaza turubai, na boti ikaenda. Nasema ikaenda kwa mshangao ambao niliuficha. Nilikaa nyuma na kasia la usukani kwapani, nikatazama mbele kwa macho ya mtu aliyezoea. Biira alikaa mbele kabisa, amenipa mgongo, ameuning'iniza mkono hadi vidole vinagusa maji. Nilimwambia kuhusu viboko.

"Viboko wa huku nimekua nao," alijibu bila kugeuka. "Wewe angalia kamba yako."

Mchana upepo ulibadilika ukatujia usoni. Tulikunja tanga tukapiga kasia hadi mikono yangu, iliyozoea chaki, ikatoka malengelenge. Biira alipiga kasia vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza alijifunzia wapi, naye akasema alijifunza akiwa mtoto, kabla hajaitwa mwanamke.

Jioni tulifika Katunguru. Tulipokewa na Thembo, mchuuzi wa samaki anayefahamiana na Biira tangu siku nyingi, mtu mnene mwenye boti mbili za injini. Mkewe alitupa obundu, ugali wa muhogo, na samaki aina ya ngege, na Thembo akatutazama tukila kama daktari anavyotazama wagonjwa.

"Shemeji," akaniambia, "kule kwenu Tanzania, boti ya tanga inakwenda namna gani kama upepo unatoka mbele?"

"Inakwenda kwa kukata kona."

"Na leo mulikata kona?"

"Leo tulipiga kasia."

Alikubali jibu hilo kwa heshima. Kisha akamwambia Biira kwamba kesho boti yake moja inakwenda Katwe. Atatufunga kamba nyuma, na mchana tutakuwa tumefika. Keshokutwa tungekuwa mwaloni, siku mbili kabla ya kamati. Nilishaanza kushukuru.

"Asante sana," Biira akasema. "Lakini Mwalimu ana tanga."

Nikawa nimevimba kichwa usiku kucha. Mwanamume hahitaji mengi. Mke akimsifia tanga mbele ya mwenye injini, analala akitabasamu na malengelenge yake.

Jumatano tulipita chini ya daraja la Katunguru. Mlingoti ulionekana mrefu kuliko daraja, kwa hiyo tuliulaza, na watu waliosimama juu walituuliza kama tumevunjika. Ng'ambo ya daraja mfereji unanyooka kuelekea magharibi, na upepo, ambao nadhani ulikuwa umesikia habari zetu, ulitoka magharibi. Tulipiga kasia siku nzima. Huko ni ndani ya hifadhi ya wanyama, na karatasi ya ruhusa ya kupita tulikuwa nayo, imefungwa kwenye nailoni. Nyati walikuwa wamelala kwenye tope kando ya maji. Boti kubwa ya watalii ilitupita, na Wazungu wakatupiga picha. Katika nyumba fulani huko Ulaya kuna picha ya mvuvi wa asili wa Afrika akiwa na mke wake. Mvuvi huyo ana shahada ya uzamili ya isimu.

Kabla ya jua kuzama, askari wawili wenye boti ya injini walitusimamisha.

"Wapi samaki?" akauliza mkubwa wao.

"Hatuna samaki, afande."

"Nyavu?"

"Hatuna nyavu, afande."

Alitutazama. "Boti hakuna injini. Hakuna nyavu. Hakuna samaki. Mama iko ndani. Sasa nyinyi munafanya nini?"

"Tunapeleka boti Bwera, afande."

"Boti ndiyo inapeleka watu," alisema. "Mimi sijaona watu inapeleka boti." Alisoma karatasi yetu mara mbili, akairudisha. "Haya, pita. Musilale kwa maji. Hapo kuna kiboko moja mbaya, ana kovu kwa uso."

Tulilala kwenye kijiji cha wavuvi karibu na mahali mfereji unapoingia ziwani, katika chumba cha mwanakwaya mmoja aliyekwenda kulala kwa dada yake ili tupate kitanda.

Alhamisi tuliingia Ziwa Edward. Wanaolijua ziwa hilo hawanihitaji niwaelezee. Wasiolijua wachukue Ziwa George, waondoe upole wote. Tulifuata ufuko wa kaskazini kuelekea Katwe, milima ya Kongo ikionekana mbali ng'ambo kama moshi uliosimama. Upepo ulitoka kusini, ukitupiga ubavuni, na hapo nikagundua jambo ambalo kanuni hazikunieleza kwa mkazo wa kutosha. Boti ya chini bapa, ikipigwa ubavuni, inakwenda mbele hatua moja na pembeni hatua moja. Nilikuwa nikielekeza Katwe nayo ilikuwa ikielekea kwenye matete.

Kisha ukaja mkupuo wa upepo ambao sikuuona. Turubai lilijaa ghafla, boti ikalala ubavu, maji yakaingia kama mtu anayemwaga beseni. Nilikuwa nimefunga kamba ya tanga kwenye ubao ili kupumzisha mkono, na sasa fundo lilikuwa limekaza. Nililivuta. Nilisema maneno ambayo huwa siwaruhusu wanafunzi wangu kuyasema. Biira alirudi nyuma akitambaa, akatoa kisu cha kutengenezea samaki ndani ya mfuko wa chakula, akaikata kamba. Tanga likapiga makofi hewani na boti ikainuka. Tuliishia kwenye matete, tumelowa hadi shingoni, tukichota maji kwa sufuria. Viboko walikoroma kwa jirani. Hatukuwaona, jambo ambalo ni baya kuliko kuwaona.

"Baba Masika," Biira akasema huku akichota, "kamba haifungwi."

"Nimeelewa."

Nilingoja alaumu zaidi. Hakulaumu. Nilipomtazama vizuri, nikaona anatabasamu peke yake kwa kitu kilicho mbali kidogo nyuma ya sikio langu.

Kusubiri nguo zikauke, kuunga kamba, kupiga kasia: yote hayo yalikula Alhamisi na sehemu kubwa ya Ijumaa. Tulilala hapohapo ukingoni, kwenye kibanda kitupu cha wavuvi. Tulifika Katwe Ijumaa alasiri, wachimba chumvi wakitoka kazini na miguu myeupe hadi magotini.

Mwenyeji wetu Katwe alikuwa Mama Kavira, mfanyabiashara Mkongo wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni, anayenunua samaki wa chumvi na kuuza vitenge. Yeye na Biira wanafanya biashara pamoja. Alitutazama tukishuka, akapiga ishara ya msalaba, akaenda kuchemsha chai.

"Biira, mi nakuambia kitu," alisema tulipokaa. "Ule Masereka alipita hapa yuzi. Anasema kwa batu yote: bibi huyu atakuja ndani ya boti. Akifika, komite itamuona kwa macho, boti itakuwa muchafu, itakwisha. Na akikuja na barabara, mwenye boti hakufika kwa mayi. Itakwisha vilevile. Anacheka deja, mbele hata hujafika."

"Nilijua," Biira akasema.

"Ulijua? Na utafanya aje?"

Biira alipuliza chai yake. "Pale mwaloni kwetu, maji yanafika wapi ukitoka ufukoni kidogo? Kiunoni?"

"Mi iko mutu ya nguo," Mama Kavira akasema. "Sijue mambo ya mayi." Kisha akaongeza kwamba shemeji yake ana boti ya injini, inakwenda huko asubuhi, na inaweza kutuvuta hadi karibu, tufike mapema, tupumzike, tuongee na wazee kabla Masereka hajaongea nao.

"Hapana," Biira akasema. "Asante."

Hapo nilikasirika. Nilimchukua pembeni, nyuma ya marobota ya vitenge, nikamwambia kwamba nashukuru kwa imani yake juu ya tanga langu, lakini sisi sote wawili tumeliona likifanya kazi. Kesho ni Jumamosi. Upepo ukikataa, tunachelewa, na Masereka hatahitaji hata kufungua mdomo.

"Unaitaka nafasi hii au huitaki?"

"Naitaka," alisema. "Ndiyo maana."

Nilimwambia hilo si jibu. Akaniambia nikapumzishe mikono.

Jumamosi alfajiri tulitoka Katwe. Upepo ulikuwa mwepesi na mwaminifu, na safari hii nilishika kamba mkononi kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Biira alikaa mbele mahali pake. Aliangalia maji, akaangalia ndege weusi waliokaa juu ya miti mikavu, akageuka mara moja akaangalia tanga lilivyojaa. Kila nilipotaka tukaze mwendo kwa kasia, aliniambia tusubiri kidogo.

Jua lilipokuwa limepanda sana tuliona paa za mabati za mwalo na watu waliosimama ufukoni. Biira aliniambia nikunje tanga. Alikifunga vizuri kitenge chake juu ya suruali, akachukua kamba ya mbele, akakaa kwenye ukingo wa boti na miguu nje.

"Unafanya nini?"

"Nashuka."

"Kuna mamba huko. Kuna viboko. Acha nishuke mimi."

"Wewe kaa. Boti tupu ikifika mwaloni ni ya aliyezama, watu wataanza kulia." Akaingia. Maji yalimfika kifuani. Kwa muda alisimama tu, ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, kisha akageuka, akaiweka kamba begani na kuanza kutembea.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa wakwe zangu: nimekaa wima katikati ya boti, mikono magotini, nikivutwa na mke wangu. Nilifikiria kupunga mkono, nikaona haitasaidia. Sikuwa na kazi yoyote isipokuwa kutazama maji yaliyomzunguka Biira, na kila gogo lililoelea nililihesabu kuwa mamba. Maji yakamshuka kiunoni, kisha magotini. Boti ikagusa mchanga.

Masereka ndiye aliyeanza. "Amekuja ndani ya boti toka Kahendero. Kila mutu anajua."

Mwenyekiti wa mwalo, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua siku ya jua, alimtazama. "Wewe ulimuona?"

"Watu wamesema."

"Mimi sijauliza watu. Mimi nimesimama hapa na macho yangu. Nimeona mama anavuta boti. Boti imefika kwa maji. Mwenyewe amefika kwa maji." Alimtazama Biira, aliyekuwa akikamua kitenge. "Amefika kwa maji sana."

Watu wakacheka.

"Na huko alikotoka?" Masereka akauliza.

"Huko si mwalo wetu. Kila mwalo iko na wenyewe."

"Na huyu mwanaume ndani alikuwa anafanya nini?"

Mwenyekiti aliniangalia kwa muda, akitafuta jibu la haki. "Huyu," akasema, "alikuwa mzigo."

Kamati ilizunguka boti, ikagonga mbao, ikachungulia chini ikitafuta maji. Kulikuwa na maji kidogo. Nilisema yametoka kwenye nguo zangu, na ilikuwa karibu na ukweli. Ililetwa rangi nyeupe. Wakati namba ya marehemu ikipakwa ubavuni, Biira alisimama kando, kiganja kimelala juu ya ukingo wa mbele, pale alipokuwa akikaa. Mpakaji alimaliza, akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Haya mama," mwenyekiti akamwambia, na hakusema kwa ubaya. "Sasa ni boti."

Biira akaondoa mkono.

Masereka aliomba kazi ya kuvua kwa boti ile kabla rangi haijakauka. Biira alimpa. Alisema binamu yake analijua ziwa, na kwamba mtu anayekula vizuri msibani kwa mpango wake huwa si mvivu.

Jumapili, baada ya ibada, tulipanda gari Bwera kurudi Kasese. Mahali fulani kabla ya Kikorongo barabara inainuka, na ziwa linaonekana mbali upande wa kulia, limenyamaza kama bati. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayesahihisha madaftari, kwamba kama tungekubali injini ya Thembo tungefika Alhamisi, tukiwa wakavu.

"Ndiyo," Biira akasema. Alikuwa anaangalia dirishani. "Na mimi ningekaa ndani yake siku tatu tu."

Nilizihesabu siku zetu kwa vidole vyenye malengelenge, nikapata tano. Nilikuwa nimekwenda safari nzima nikidhani tunawahi. Sijui kuendesha tanga, na sasa nimeacha kukanusha kwamba nilizaliwa baharini, maana hakuna anayeuliza tena.

Tanga tulimwachia mama mkwe, Bwera. Tulipokwenda kumtembelea msimu wa kahawa nililikuta uani, limetandazwa juani, kahawa imejaa juu yake, kona moja ikiwa bado na kipande cha kamba iliyokatwa kwa kisu. Biira alivua viatu, akaingia hadi katikati, akakaa pale akigeuza kahawa kwa viganja, amenipa mgongo. Kazi yenyewe haikuhitaji muda ule wote. Hakuna aliyemwambia atoke.